Maji Matamu Chini ya Pwani

Pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi visiwa vya Lamu, imekaa juu ya matumbawe yaliyokufa zamani sana. Mwamba huo una vitundu vingi. Mvua ikinyesha juu yake haikai. Huzama, na huko chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka upande wa pili. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake, tabaka jembamba ambalo macho hayalioni. Ukiyachota kwa kiasi yanabaki matamu. Ukiyachota kwa pupa, chumvi inapanda kisimani. Haya niliyasoma darasani Nairobi, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usanifu wa mandhari, na niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Safari ya masomo tuliyoifanya kutoka kusini kwenda kaskazini ndiyo iliyonionyesha jinsi misitu, miji na hata makaburi ya pwani hii yalivyopangwa kwa kuyafuata maji hayo. Naiandika njia tuliyopita ili na wengine wakaione.

Watu wengi wakisikia usanifu wa mandhari hufikiria maua na nyasi za hoteli. Kazi yenyewe ni kuamua maji yapite wapi, kivuli kianguke wapi, watu waketi wapi, na kipi kiachwe bila kuguswa. Ian McHarg, Mskoti aliyeanzisha idara ya fani hii katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, Design with Nature, kwamba kabla ya kuchora lolote inafaa kuzipanga ramani za mahali moja juu ya nyingine: mwamba, maji, udongo, mimea, wanyama, watu. Mwalimu wetu aliligeuza fundisho hilo kuwa agizo la safari. Kila kituo tuchore mkato mmoja wa ardhi, kutoka baharini kwenda bara, na katika kila mkato mstari wa maji matamu uonekane.

GAZI

Tulianza Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale. Hapa ndipo alipoishi Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyeinua silaha dhidi ya Waingereza mwaka 1895 na mwishowe akavukia upande wa Wajerumani, katika Tanzania ya leo. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi barazani, kisha tukashuka mikokoni. Kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope, na wao wenyewe ndio wanaowatembeza wageni. Bi aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo, leso kiunoni, na hakutembea hatua nyingi bila kusimama na kutaja mti.

Mbele kabisa, mahali wimbi linapopiga, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, mizizi yake ikijikita topeni pande zote. Kisha muia, kisha mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi. Nyuma zaidi, karibu na minazi, ardhi hufikiwa na maji ya bamvua tu, na jua likiwaka chumvi hubaki juu yake. Huko husimama mchu. Bi alichuma jani la mchu akanipa.

"Lamba, mwanangu."

Nililamba. Chumvi ilikuwa imeganda juu ya jani. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi majanini; mkoko huizuia huko huko mizizini. Kila mti umesimama pale unapoweza kustahimili, hauvuki mpaka wake. Nilipochora mkato wangu wa kwanza niliona kwamba hakuna mpango wowote niliowahi kuuona chuoni wenye sababu zilizo wazi namna hiyo.

Mikoko ya hapa ilikatwa vibaya miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Sehemu zilizokatwa ziligeuka jangwa la tope, na kwa miaka mingi hazikuota kitu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa bahari na wanakijiji walianza kupanda upya kwa mikono. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikarefuka, ikawa nzito, kisha ikadondoka na kujichoma topeni. Mpandaji anaiga tu kile mti unachofanya wenyewe. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko ya Ghuba ya Gazi. Fedha zake zimeingia katika maji na shule za Gazi na kijiji jirani cha Makongeni. Bi alituonyesha bomba la kijiji kwa fahari ileile aliyotuonyesha miti. Nililiweka bomba hilo kwenye mkato wangu, kwa sababu ni sehemu ya mandhari ya Gazi kama ulivyo mlilana.

KINONDO

Kesho yake tuliingia Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ulio karibu na fukwe za Diani. Kabla ya kuingia kila mmoja alifungwa kaniki kiunoni, wenye kofia wakavua, na mzee akatueleza masharti: hakuna kuokota kitu, hata jani kavu, hakuna kuvunja tawi, hakuna kukumbatiana kwa mapenzi. Alisema polepole na kutuangalia usoni mmoja mmoja. Mwenzetu aliyekuwa amezoea kukusanya sampuli za majani alikifungia kifuko chake ndani ya begi.

Makaya ni vijiji vya kale vya Wamijikenda vilivyozungukwa na msitu kwa makusudi. Watu walikaa katikati, penye uwazi. Msitu ulikuwa ukuta wao. Njia za kuingilia zilikuwa chache na zinajulikana. Watu walipohamia nje, makaya yakabaki mahali pa makaburi, dua na hukumu, na wazee wakaendelea kuyalinda. Mwaka 2008 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia, misitu 10 iliyotawanyika pwani kwa kilomita zipatazo 200, Kinondo ikiwemo.

Kilichonishika ni ardhi yake. Hakuna udongo wa maana Kinondo. Miti mikubwa imesimama juu ya jiwe tupu la matumbawe, mizizi imeingia kwenye nyufa, na kati ya mawe kuna tabaka la majani yaliyooza. Nje ya msitu jua lilikuwa linachoma. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya unyevu. Nilimuuliza mzee kwa nini hata jani kavu haliruhusiwi kutoka. Alisema ndivyo alivyoachiwa na waliomtangulia, na kwamba msitu una wenyewe. Kisha, akiwa ameshaanza kutembea, akaongeza kuwa visima vya vijiji vya karibu vinautegemea huu msitu. Majani yale makavu ndiyo yanayoishika mvua isikimbie. Sharti la wazee na somo la elimu ya maji vinafanya kazi moja, na sharti limedumu muda mrefu kuliko sheria yoyote ya serikali ninayoifahamu katika eneo hilo.

BAMBURI

Kaskazini ya kisiwa cha Mombasa kuna timbo la zamani la kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954. Mawe ya matumbawe yalichimbwa hadi ikabaki sakafu nyeupe, haina udongo, haina kivuli, na maji ya chumvichumvi yako karibu tu chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kuliotesha miti. Alijaribu aina 26. Zilizoishi zilikuwa tatu: mnazi, mdamasi uliotoka upande wa Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio ulioshinda. Unastahimili chumvi, na kwenye mizizi yake hukaa bakteria wanaoikamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo unaweza kuanza maisha mahali pasipo na mbolea yoyote. Ulikua haraka, ukaleta kivuli. Lakini majani yake membamba yalipoanguka hayakuoza. Yalirundikana juu ya jiwe, makavu, mwaka hadi mwaka, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo Haller alipomwona jongoo mwekundu wa pwani akiyala. Majongoo walikusanywa na kuletwa timboni kwa wingi. Walikula majani ya mvinje, na kinyesi chao kikawa udongo mweusi wa kwanza. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hapa Bamburi jongoo hakutupwa, na miti ikabaki.

Baada ya udongo zikafuata aina nyingine za miti, mabwawa ya samaki, ndege, nyani, viboko, twiga. Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984 na sasa inaitwa Haller Park. Tulitembea humo tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Watoto wa shule walipita wakikimbilia kuwaona kobe wakubwa, nasi tulikuwa tumepiga magoti kando ya njia, tukifukua majani kwa vidole kupima kina cha udongo. Chini ya kiganja changu kulikuwa na majani makavu, halafu unga mweusi wenye unyevu, halafu jiwe jeupe. Historia yote ya mahali pale ilikuwa katika kina cha kidole.

Nimeona miradi mingi ya kurekebisha machimbo, kwenye picha za vitabu. Mingi huanza kwa malori kuleta udongo kutoka mahali pengine, maana yake shimo moja linafukiwa kwa kuchimbwa jingine. Kilichofanyika Bamburi ni kigumu zaidi: kukaa na mahali, kujaribu, kushindwa kwa aina 23, kuangalia mdudu anakula nini. Katika fani yetu tunafundishwa kuwasilisha michoro iliyokamilika. Haller angeambiwa mwaka 1971 alete mchoro uliokamilika, asingeweza kumchora jongoo.

GEDE

Tulipita Kilifi na mashamba ya mkonge na mikorosho bila kukawia, tukafika Gede, karibu na Watamu. Mji huu wa Waswahili ulikuwa na msikiti mkuu, kasri, nyumba za mawe na kuta mbili za kuuzunguka. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mnamo karne ya 17 watu walikuwa wameshauhama, na msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua kuanzia 1948 hadi 1958, akazipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta humo, kama makasi na kauri. Mwaka 2024 Gede nayo iliingia katika orodha ya urithi wa dunia.

Wageni wengi hupiga picha mibuyu na kima wanaoruka juu ya kuta. Mimi niliinama kuangalia chini. Nyua za kasri zimechimbwa zikawa chini kuliko njia, ili ukiketi uwe kwenye kivuli cha kuta zako mwenyewe. Kuna vyoo vya shimo, kuna mifereji ya kupitisha maji ya kunawia, na kuna visima, kimoja baada ya kingine, vya duara, vilivyochongwa katika mwamba. Kando ya msikiti mkuu kisima kinalisha birika la kutawadhia kwa mfereji mfupi. Umbali kati ya kisima, birika na mlango wa msikiti ni hatua chache tu. Mtu anatoka majini anaingia kwenye swala bila kukanyaga vumbi. Nilipima, nikachora, nikapima tena.

Sababu zinazotajwa za Gede kuhamwa ni kadhaa: vita, mashambulizi ya watu wa bara, biashara kubadili njia. Nyingine ni kwamba maji ya visima yalishuka, na Kirkman aliona dalili za kisima kuongezwa kina. Tulisimama juu ya kisima kikavu tukatazama chini. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Malindi, alisema nyanya yake pia ana kisima ambacho kila baada ya miaka michache huongezwa kina. Usiku tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa jamaa zake, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya hoteli mpya, mabwawa ya kuogelea, na visima vinavyobadilika ladha.

LAMU

Mji wa Lamu unajulikana kwa punda, milango ya nakshi na Maulidi, na sifa hizo ni za haki. Naongeza moja: ni mji uliopimwa kwa mti. Paa za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba; ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Majahazi yalizipeleka boriti hizo Oman na Ghuba yote kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mikoko kama tuliyoiona Gazi imeamua namna watu wa Lamu wanavyolala.

Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua hukigusa kila kimoja kwa muda mfupi tu, na pengine nyumba mbili huunganishwa juu kwa wikio, chumba kinachovuka njia. Mlangoni kuna daka lenye baraza la mawe, mahali pa kumpokea mgeni kabla hajaingia. Ndani kuna kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa bila kuleta macho ya jirani. Tulikaribishwa katika nyumba moja upande wa Mkomani. Mwenye nyumba, bibi wa umri mkubwa, alipokea shikamoo zetu, akatukalisha dakani, kisha akatuonyesha birika la maji. Ndani yake waliogelea samaki wadogo.

"Hawa hula viluwiluwi vya mbu," alisema. "Tangu enzi za mama yangu."

Jioni tulikunywa kahawa chungu kwa halua kwenye baraza za ufukweni, upepo wa kaskazi ukivuma. Wazee walituuliza tunasoma nini. Tulipoeleza, mmoja alicheka kwa furaha na kusema hilo ni somo la mafundi, na kwamba zamani fundi hakuanza nyumba bila kujua kwanza maji ya jirani yanatokea wapi.

Asubuhi ya pili tulivuka mkondo hadi Takwa, kisiwani Manda. Mashua huingia kwa mlango wa maji kati ya mikoko, na maji yakipwa njia inafungwa. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta, ulistawi karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake bado umesimama na nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi la mnara. Visima viliingiwa na chumvi, ndivyo watu wa kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, wanavyosimulia. Wao hujihesabu kuwa wametokana na waliohama hapo, na hadi leo hurudi kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Nilipenda kwamba hawaombi mvua nyumbani kwao. Wanavuka maji kwenda kuiombea mahali ilipokosekana.

Shela yenyewe iko nyuma ya matuta makubwa ya mchanga yaliyonyooka na ufukwe kwa kilomita nyingi. Karibu mwaka 1812 watu wa Lamu waliwashinda hapa Wapate na Wamazrui wa Mombasa, ukoo uleule wa Mbaruk wa Gazi. Mzee aliyetupandisha matutani alituonyesha upande wa vita kwa mkono mmoja tu na kupita. Alikuwa na jambo jingine la kutuonyesha. Alisimama penye bonde dogo kati ya matuta, penye majani ya kutambaa yenye maua ya zambarau, akakanyaga mchanga kwa kisigino.

"Mji mzima unakunywa hapa, mwanangu."

Mvua ya masika huzama kwenye matuta haya, mchanga ukaichuja, na maji yakakaa chini, juu ya chumvi. Visima vya Shela ndivyo vinavyoulisha mji wa Lamu. Lakini matuta yanapendeza machoni, na nyumba za kifahari zimekuwa zikipanda kuyaelekea mwaka baada ya mwaka, kila moja na shimo lake la maji machafu, na nyingine na bwawa la kuogelea. Mzee alizihesabu kwa kidole. Hakupaza sauti. Mwalimu wetu alimwomba aeleze tena mipaka ya sehemu yenye maji kama wazee wanavyoijua, tukaiweka kwenye ramani zetu papo hapo, tukiwa tumeketi mchangani.

Tasnifu yangu ilikuwa iwe juu ya bustani ya umma mjini. Nimeibadilisha. Sasa inahusu ukingo wa matuta ya Shela: mimea gani ishike mchanga, watu wapite njia zipi, na ujenzi ukomee mstari gani. Naamini kwa moyo wote kwamba mstari huo ni kazi ya msanifu wa mandhari, na kwamba unapaswa kuchorwa mapema, wakati bado kuna kitu cha kulinda.

Anayetaka kuifuata njia hii aanze kusini, Gazi, siku za bamvua, ili aone maji yakifika hadi kwa mchu. Kinondo aende na muda wa kutosha, maana mzee hakimbizwi. Bamburi afukue majani kidogo kando ya njia kisha ayarudishe. Gede aende asubuhi mapema, na atazame visima kabla ya kasri. Takwa asubiri maji kujaa. Na akifika Shela apande matutani alasiri na mwenyeji, amuulize visima viko wapi. Ataonyeshwa, na ataonyeshwa pia nyumba zinazokaribia.